Kishushe Hawakushrub

Kuna aina ya klipu ambayo lazima umewahi kutumiwa. Mzee wa mashambani amesimama mbele ya maikrofoni, koti la kanisani, kofia mkononi. Anasema jambo la maana kabisa, halafu neno moja la Kiingereza linamponyoka, na "rice" inakuwa chawa. Hapo ndipo klipu inakatwa. Hujui mzee alikuwa anaomba nini, wala kama alipewa. Unajua tu kwamba ameshrub, na umecheka, na umeirusha kwa grupu tatu kabla chai haijapoa.

Nimecheka sana mimi. Nasema mapema kwa sababu haya ni makala ya kukosoa kicheko hicho, na sitaki uniwazie kama mtu aliyekuwa amesimama nje akiangalia wenzake.

Neno langu ni "loyalty". Nyanya yangu alilitamka mbele ya watu, nikamsahihisha, na tangu siku hiyo sijui kama nilimsahihisha au nilimnyamazisha.

Nyanya anaishi Kishushe. Ukitoka Voi unaiacha barabara kuu ya Mombasa, unapitia Mwatate, unaizunguka milima ya Taita mpaka upande unaotazama Tsavo West. Kule juu Wundanyi ni kijani na baridi; huku chini ni vumbi jekundu, miti ya miiba na mbuzi. Katika kaunti nzima mbuga za Tsavo zimechukua karibu asilimia 62 ya ardhi, kwa hivyo kila kipande kilichobaki kina watu wawili wanaokitaka, na ndovu ndiye wa tatu. Na chini ya hicho kipande, kwa bahati au kwa mkosi, kuna chuma. Jiwe lenyewe ukilishika mara ya kwanza utadhani mkono wako ndio umeishiwa nguvu. Dogo, jeusi, zito kuliko linavyoonekana. Nyanya ana moja analoegemezea mlango.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mimi nilikuwa likizo, mwaka wa pili chuoni, kabla karo haijaniamulia mambo yangu. Kulikuwa na meza yenye kitambaa na chupa za maji, na nyuma ya meza wageni: watu wa kampuni fulani, watu wa ofisi fulani. Sisi tulikuwa chini ya mti. Wageni waliongea Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili cha heshima, na neno "royalty" likawa linapita tena na tena, kama matatu iliyojaa ambayo haisimami stejini kwenu. Nyanya akainua mkono. Akasimama, akajifunga leso vizuri, akauliza: "Hiyo loyalty yetu, ile kumi kwa mia, mtatuletea lini, na mtampa nani mkononi?"

Meza ikatabasamu. Kijana mmoja mwenye kompyuta akaziba mdomo. Na mimi, mjukuu msomi, nikamvuta leso nikamwambia kwa sauti niliyodhani ni ya chini, "Nyanya, ni royalty. Loyalty ni kitu kingine." Watu wakacheka, hata wale wa chini ya mti. Nyanya akaketi. Mwenye kikao akashukuru kwa swali zuri, akapitisha maikrofoni kwa mwingine.

Sasa lisome tena swali lenyewe. Lini, na mkononi mwa nani. Katika saa mbili za mkutano ule hakuna aliyeuliza jambo gumu zaidi, na jibu pekee lililopata ni somo la matamshi. Somo nililitoa mimi, bure.

Wa kwanza kulaumiwa huwa ni ulimi. Tunasema lugha ya mama imemharibia mtu herufi. Lakini sisi Wadawida shida hiyo ya r na l tunasingiziwa tu. Angalia ramani yetu: Ronge, Werugha, Vuria, halafu Iyale, halafu Sagalla. Mtu aliyekua akitaja Vuria na Iyale, vilele viwili vya milima ile ile, hawezi kushindwa kutofautisha "royalty" na "loyalty" kama akiamua. Nyanya hakukosea kutamka. Alitamka vizuri kabisa neno ambalo tayari alikuwa nalo, kwa sababu lile lingine hakuwahi kukutanishwa nalo. Sikio hufanya hivyo. Likisikia jambo geni linalifananisha na jamaa linayemjua.

Na "loyalty" Kenya tunaijua, tena tunaijua tangu utotoni. Enzi ya Nyayo, watoto wa shule walikuwa wakisimama paredi asubuhi, mkono kifuani, wakiapa kwa Kiingereza utiifu wao kwa rais na taifa. Kiapo kile kilikuwa na jina, na jina lake lilikuwa na neno hilo hilo ndani. Mama yangu bado anakijua kwa moyo. Mwamshe usiku wa manane atakisema chote, ijapokuwa ukimuuliza maana ya sentensi ya tatu atakuuliza wewe unataka nini. Na shule hiyo hiyo iliyowaapisha ndiyo iliyowagawia maziwa ya Nyayo, zile pakiti za bure zilizoanza 1979. Nyanya alisikia kiapo kupitia watoto wake na aliona pakiti zikija nyumbani zimebanwa kwapani ili ndugu wadogo waonje. Sijui kama kuna kamusi ingeweza kulifafanua neno lile vizuri kuliko hivyo. Unasimama wima, unasema maneno ya mkubwa, unapewa maziwa.

Kabla ya hapo, kule Kati, lilikuwa na makali zaidi. Wakati wa hali ya hatari serikali ya kikoloni ilitoa vyeti vya utiifu, na katika uchaguzi wa 1957 Mkikuyu, Mwembu au Mmeru asiye na cheti hakupiga kura. Kwa hivyo hata kwa babu za wenzetu "loyalty" ilikuwa kitu kinachoshikika, karatasi unayopewa au unayonyimwa na ofisi.

Turudi kwenye "royalty". Sheria ya Madini ya 2016 inasema mwenye leseni ya kuchimba ailipe serikali, na malipo hayo yagawanywe: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa serikali ya kaunti, 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Nyanya alikuwa na hesabu yake sawa. Hata swali lake la mkononi mwa nani liligusa mahali ambapo sheria yenyewe imelegea, kwa sababu ukiisoma kama unavyosoma hadithi, ukimfuatilia kila mhusika, huyu anayeitwa "jamii" ndiye mhusika asiye na uso. Ameelezwa kama watu wanaoishi kuzunguka eneo la uchimbaji, au wale wanaoweza kuhamishwa. Kuzunguka mpaka wapi? Mpaka vumbi linapofika? Mpaka lori linaposikika? Serikali kuu ina hazina na kaunti ina akaunti. Jamii ina mti na leso. Miaka kadhaa baada ya sheria kupita, viongozi wa kaunti zenye madini, Kwale na Taita Taveta zikiwemo, bado walikuwa wakiuliza hadharani pesa hizo ziko wapi.

Na kwa nini malipo ya mawe yakaitwa kwa neno la kifalme? Hapa niruhusu nizunguke kidogo, nitarudi. Mwaka 1568, huko Uingereza, Malkia Elizabeth wa Kwanza alishtakiana na mwinyi mmoja, Earl wa Northumberland, kuhusu shaba iliyochimbwa kwenye ardhi ya mwinyi. Majaji waliamua kwamba dhahabu na fedha ni za mfalme hata zikilala chini ya shamba lako, na madini mengine yakiwa na chembe za dhahabu au fedha ndani yake yanamfuata mfalme pia. Yasiyo nazo yanabaki na mwenye shamba. Unaona? Chuma kitupu hakikuwa cha mfalme. Mkulima wa Kiingereza wa karne ya kumi na sita, akikuta chuma chini ya viazi vyake (au chochote walichokuwa wakipanda), kilikuwa chake.

Halafu Waingereza hao hao walipokuja kututungia sheria, ile ya madini ya 1940 iliyachukua madini yaliyo ardhini, chuma kikiwemo, ikayaweka mikononi mwa Taji. Uhuru ulipofika, Taji likavuliwa na Serikali ikavaa. Katiba ya 2010 imeliweka kwa upole zaidi: kifungu cha 62 kinasema madini ni ardhi ya umma, yanashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya watu. Ni lugha nzuri, na siibezi. Lakini kwa maana ya zamani kabisa ya neno, Nyanya ana haki ndogo juu ya jiwe linaloegemea mlango wake kuliko aliyokuwa nayo mwenye shamba yule wa 1568. Neno "royalty" linabeba historia hiyo yote mgongoni. Nani mfalme, na nani anaomba.

Sasa kichekesho ambacho nilikipata nimechelewa, nikiwa nimeshaacha chuo na nasoma kamusi za bure kwenye intaneti usiku kwa sababu bando la usiku ni nafuu. "Royal" limetoka kwenye neno la Kilatini la mfalme, na hilo halimshangazi mtu. "Loyal" nalo limepitia Kifaransa cha kale kutoka *legalis*, neno la Kilatini la sheria. Ni pacha wa "legal". Mtu "loyal", mwanzoni kabisa, alikuwa mtu wa kutimiza yale ambayo sheria inamdai. Kwa hivyo kati ya maneno haya mawili, lenye damu ya sheria ni lile ambalo meza ilicheka. Nyanya alisimama akadai, kwa asili ya neno lenyewe, kile kilichomo kwenye sheria. Sisi tulimrudisha kwa mfalme.

Najua unachotaka kuniambia. Asili ya neno siyo maana yake ya leo, na kama asili ingetuongoza basi nusu ya Kiswahili ingebidi tukaulize Muscat. Kweli. Sijengi kesi juu ya Kilatini. Nasema tu wale waliocheka walikuwa na uhakika mwingi kuliko ujuzi, na mmoja wao alikuwa mimi.

Kesi yangu iko kwingine, kwenye jinsi pesa zinavyofika pale zinapofika. Popote panapochimbwa kitu nchini, umewahi kuona picha hizi: darasa limepakwa rangi, tangi la maji lina nembo ubavuni, hundi kubwa ya kadibodi imeshikwa na watu sita, wanakijiji wamevaa fulana za rangi moja. Hayo ni mema, sikatai; maji ni maji. Ila lugha yake ni ya paredi na pakiti ya maziwa. Kuna mgeni wa heshima, kuna makofi, kuna wimbo wa kumshukuru mtu kwa jina. Kama hupigi makofi, msimu ujao tangi linaenda kijiji cha pili. Jaribu kulitofautisha deni na zawadi kwa swali moja dogo: nisipopiga makofi, nitapata? Deni halina haja ya makofi yako. Mkopeshaji wa simu anapokudai shilingi 500 huwa hakuombi umwimbie.

Kwa hiyo mtu aliyeishi maisha yake yote katika utaratibu wa makofi, akisikia kwamba kuna pesa zitakuja kutoka kwa wakubwa, akaziita "loyalty", huyo amekosea nini? Ameeleza alichokiona. Sheria inasema "royalty" na mwenendo unasema "loyalty", naye amesikia mwenendo. Ukinipa maelezo yale mawili niyahakiki kama mhakiki, nitasema la sheria ni sahihi na la Nyanya ni la kweli, na kwamba kazi ya wenye meza ilikuwa kuyafanya yawe kitu kimoja. Walichagua kutabasamu.

Wasee wa mjini tusijione tumeokoka. Sisi hili neno tunalitamka bila tatizo kwa sababu ya muziki. Muulize msanii yeyote wa Voi mwenye ngoma mbili YouTube, atakwambia anasubiri royalty. Mwaka 2019 wanamuziki wengi walio chini ya MCSK walitumiwa shilingi 2,530, na kelele zilizofuata mnazikumbuka. Hakuna aliyeshrub pale. Matamshi yalikuwa safi na pesa zikawa za kununua viatu vya mtumba na nauli ya kurudi. Na ukitaka mfano wa nyumbani kabisa, kuna Fadhili William, Mtaita ambaye jina lake la ukoo, Mdawida, lilitangaza kwao kila lilipoandikwa. Ndiye aliyeirekodi "Malaika", wimbo wa kijana anayependa lakini hana mali ya kuolea. Miriam Makeba akauimba, Harry Belafonte akauimba, Boney M wakauimba, na ubishi wa nani hasa aliutunga, na kwa hivyo nani alipwe, ukamfuata mpaka alipofariki 2001 na haujaisha. Wimbo huu wa Kiswahili unaojulikana sana duniani unahusu kukosa pesa. Huo nao umechimbwa huku, ukasafirishwa.

Sasa niseme upande wa pili, maana sitaki kuuza ujinga kama hekima. Tofauti ya maneno haya mawili ni muhimu na lazima ifundishwe. Ukipeleka barua ofisini ukiomba "loyalty" yako, barua itazungushwa mezani watu wacheke, halafu itawekwa chini ya nyingine. Mwenye haki anahitaji jina sahihi la haki yake, kama vile mwenye ng'ombe anavyohitaji kuijua alama ya ng'ombe wake. Ninachokataa ni mzigo huo kuwekwa juu ya mtu mmoja tu, tena yule wa chini ya mti. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Madini yenyewe imeandikwa Kiingereza. Wenye meza walikuja na kompyuta, chupa za maji na projekta ambayo haikupata umeme. Neno moja la Kiswahili hawakulibeba.

Na lipo. Royalty ni mrabaha, na wingi wake mirabaha. Mzizi ni wa Kiarabu, r-b-h, wa faida. Ndio ule ule ulio kwenye murabaha ya benki za Kiislamu. Ni neno zuri kuliko la Kiingereza, kwa sababu halina mfalme ndani. Linasema tu: kuna faida, na sehemu yake ni yako. Ningekuwa na mamlaka yoyote ningelipiga rangi nyeupe kwenye kila lori linaloshuka na mawe kutoka kwetu.

Tatizo dogo ni kwamba hata sisi tunaoandika tumelivuruga. Utalikuta limeandikwa "mrahaba" na watu wazima wanaolipwa kuandika. Herufi mbili zimebadilishana viti, na mara moja umetoka kwenye mzizi wa faida ukaingia kwenye r-h-b, mzizi wa kukaribisha, ambao ndio uliotupa "marahaba" ya kujibu shikamoo. Hapo hakuna wa kulaumiwa kwa lugha ya mama, na hakuna aliyekata klipu. Lakini kosa ni la jamii ile ile na la Nyanya: mtu amekwenda kuchukua pesa akarudi na heshima. Kwa kweli mkutano ule ulikuwa hivyo. Wageni walishuka kwenye magari, wakawainamia wazee, shikamoo mzee, shikamoo mama, kwa adabu ya kutosha kuvunja mgongo. Wazee wakaitika marahaba. Kisha magari yakaondoka.

Nyanya hakuinua tena mkono kwenye mkutano wowote niliohudhuria. Sasa akitaka kuzungumzia jambo hilo husema "ile kumi", bila Kiingereza, na huwaambia wenzake nyumbani, siyo mbele ya meza. Mara ya mwisho niliposhuka Kishushe nilimwomba msamaha, vibaya, kwa kuzungukazunguka, nikamweleza habari ya Kilatini na ya malkia na mwinyi. Alisikiliza huku anachambua maharagwe. Nilipomaliza akasema ananielewa, ila majina ya hao watu ni mengi. Halafu akasema, "Mume wangu, hebu niandikie neno lenyewe la Kiswahili, nilishike."

Nikaandika nyuma ya kalenda ya kanisa, kwa herufi kubwa: MRABAHA. Akaichukua miwani, akaisogeza kalenda mbali, akaisogeza karibu, akalisoma polepole, kidole kikifuata.

"Ma-ra-ha-ba," akasema. Akanitazama juu ya miwani. "Kwani nani amenisalimia?"